Nilimwambia Pita

Mbotela, Nairobi
17 Machi 2024

Mwanangu Kavinya,

Habari za huko mlimani? Natumai u mzima na kwamba baridi ya Afrika Kusini haijakula masikio yako. Mimi sijambo. Magoti yanalalamika kama kawaida yake, tumeshazoeana. Nakuandikia kwa simu, kwa kidole kimoja, kwa hivyo usicheke maandishi. Kupigiana tumeshindwa: nikiwa macho wewe umelala, nawe ukiamka kwenda kwenye hizo darubini zako mimi nimeshavuta blanketi. Sijui nilizaa binti au popo.

Sasa soma polepole, na usiniambie nimezeeka mpaka umalize.

Jana Jumamosi, alasiri, nilikuwa jikoni nakanda unga wa mandazi ya leo baada ya kanisa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na wa nyuma pia ili moshi utoke. Nikasikia mtu akisema hodi. Ilikuwa sauti ya Muasya. Sisemi ilifanana na yake. Ilikuwa yake, na ule mkwaruzo aliobaki nao tangu alipougua koo akiwa darasa la sita. Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga, mgongo umeelekea mlangoni, na kabla akili haijafika, mdomo ulikuwa umeshajibu kama unavyomjibu jirani yeyote. Nikasema, "Pita."

Naye akapita. Nilisikia viatu vyake kwenye saruji ya sebuleni. Pazia la jikoni lilinigusa mgongoni. Alipita nyuma yangu karibu sana, mpaka unga mkavu uliokuwa mezani ukasogea, kisha akatokea mlango wa nyuma. Hakusimama hata kidogo. Nilipogeuka, mlango ulikuwa unarudi taratibu.

Nilikimbilia uani. Unaujua ua wetu ulivyo, mtu akipiga chafya anagonga ukuta. Nilikuwa nimeanika shuka mbili zikiwa bado zinachuruzika, zimeziba njia yote, na hazikuwa zinatikisika. Geti dogo lilikuwa na kufuli, ufunguo uko kwangu.

Kakako alitoka hapa asubuhi moja miaka minne iliyopita, akaacha nusu kikombe cha chai, akasema anarudi. Tulizunguka hospitali, vituo na vyumba vya maiti mpaka miguu ikavimba. Mzaliwa wangu wa kwanza, na sina hata kaburi lake. Jana amekuja mwenyewe hadi mlangoni. Ningesema karibu, angekaribia. Ningesema keti, angeketi. Mimi mamake nilimwambia pita, na mtoto wangu alikuwa msikivu siku zote.

Niambie unavyofikiri. Lakini jua kwamba mimi ninamngoja arudi, na mara hii nitamjibu vizuri.

Mamako

*

Sutherland, Afrika Kusini
24 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa popo wako. Mimi ni mzima, nakula vizuri, nimenunua kofia ya sufu kwa hivyo masikio yapo. Yapake magoti yale mafuta ya mkaratusi, na usibebe karai la unga peke yako.

Mama, nimesoma barua yako mara nyingi. Sitasema umezeeka. Nitasema umemkumbuka, kwa sababu hata mimi nikisikia mtu akikohoa nyuma yangu dukani hugeuka haraka. Lakini fikiria jambo moja. Muasya alikuwa lini mtu wa kubisha hodi nyumbani? Aliingia tu akiuliza kuna nini sufuriani. Mtu haombi ruhusa kwao.

Na ajabu ni kwamba barua yako imenikuta kwenye kazi inayofanana na hayo uliyoyaona. Acha nikueleze, kwa maana huwa unaniuliza nasomea nini nami nakwepa.

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, umeshikana kwa mvuto, unazunguka ukiwa bapa kama sahani. Jua letu ni nyota moja tu katika mkusanyiko kama huo. Sasa ile ninayoitazama mimi haifanani na sahani. Ni pete. Ukingo unawaka buluu, na ndani yake pamekaa giza, isipokuwa kitovu kidogo cha nyota wazee. Pete kama hiyo hutokea galaksi ndogo inapokuja moja kwa moja na kupita katikati ya kubwa, ikaingia huku na kutokea kule.

Unakumbuka siku ile mtu alipopiga kelele za mwizi pale kwenye bomba la maji? Watu wote wa ploti walikimbilia katikati. Waliofika kwanza wakakuta hakuna kitu, wakageuka kurudi, wakakutana uso kwa uso na wale waliokuwa bado wanakuja. Pale walipobanana palifanya duara, na duara lile likawa linasogea nje, huku bombani kwenyewe hapakubaki mtu. Ndivyo inavyokuwa. Mpitaji akiwa katikati, uzito wake huvuta kila kitu ndani. Akishapita, kila kitu hurudi nje kwa kishindo, na pale panapobanana ndipo pete.

Nyota zenyewe hazigongani. Ukichukua punje moja ya mahindi ukaiita jua na kuiweka Mbotela, nyota iliyo jirani yake ni punje nyingine iliyoko Voi. Kwa hivyo galaksi nzima inaweza kupita ndani ya nyingine bila nyota kugusa nyota. Kinachobanwa ni gesi iliyo kati yao, nayo ikibanwa huzaa nyota mpya.

Kazi yangu ni kumtafuta mpitaji. Wengi huonekana pembeni, wakienda zao. Wa pete yangu tumemtafuta pande zote na bado hatujampata.

Funga mlango wa nyuma unapokuwa peke yako. Nakupenda.

Binti yako,
Kavinya

*

Mbotela
9 Juni 2024

Mwanangu,

U hali gani? Mimi namshukuru Mungu. Mafuta ya mkaratusi yamenifanya ninuke kama zahanati, lakini nimepanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Usikasirike kwa kimya changu. Nilitaka kwanza nione kama ninayoyaona ni kweli.

Lile la hodi nililifikiria sana. Ni kweli hakuwa anabisha. Lakini labda mtu akikaa nje muda mrefu huanza kuona haya hata kwao. Basi tuliache hapo.

Kavinya, katikati ya nyumba hii hapakaliki. Ile stuli ya babako nilizoea kuiweka katikati ya sebule. Nikitoka nikirudi naikuta karibu na ukuta. Nilidhani ni mimi ninayesahau. Nikaiweka tena, nikaketi kitandani nikiutazama mlango wa sebule, sikuona inavyokwenda wala sikusikia, ila nilipoingia ilikuwa ukutani na viti pamoja nayo. Hata nzi hawaruki katikati. Wanakuja mlangoni, wanazunguka na kuta, wanatoka.

Na unga hauumuki. Nimebadilisha hamira, nimebadilisha duka, nimeuweka juani. Unalala tu kama udongo. Siku moja nilichoka nikampelekea karai Khavere, yule fundi cherehani wa mlango wa tatu, nikamwomba aniwekee kwake. Niliporudi unga ulikuwa umeinua kitambaa na kumwagika kandokando. Khavere alicheka, akasema, "Mathe, hii unga yako imekuwa na wazimu ama?" Tangu hapo nikawa napeleka kwake.

Wiki mbili sasa kwake pia umekataa. Nimesogea mstari wa nyuma kwa mama mwenye kuku, na huko unaumuka vizuri. Kuku wake wametotoa wote kwa pamoja, hata yule aliyekuwa anasubiri kuchinjwa.

Sasa kaa chini. Khavere ana mimba. Khavere na Dishon, ambao wamekaa miaka na miaka wakitibiwa huku na kule mpaka wakaacha kuzungumzia. Kliniki wamemwambia alishika mwezi wa tatu, katikati. Unajua nilichofikiri. Na wa nyumba ya pembeni naye, na yule binti wa mlango wa bluu. Mstari wa nyuma ndio wanaanza kutapika sasa. Dishon anasema ni maji ya bomba. Anatembea kifua mbele kama aliyeyavumbua hayo maji.

Mimi hapa katikati kumenyamaza. Watoto wanaocheza kichochoroni walikuwa wakinipigia mpira mlangoni nikawafokea. Siku hizi wakifika karibu na nyumba yangu wanapinda na kuizunguka, na sijawakataza.

Niambie hayo mambo ya pete kwa ukamilifu. Wale wanaozaliwa ukingoni wanaishi? Na huyo anayepita, huwa anarudi?

Mamako

*

Sutherland
30 Juni 2024

Mama,

Salamu, na poleni na baridi. Mimi naendelea vizuri, kazi ni nyingi kwa sababu usiku wa majira haya ni mrefu. Naandika mbiombio kabla sijalala.

Nimefurahi mno kwa ajili ya Khavere, mwambie hivyo. Kuhusu unga, nyumba zile ni za zamani, sakafu ina unyevu, na viti husogea sakafu ikiinama. Mwite fundi atazame. Kuhusu mimba, Mama, watu wakikaa karibu hubeba mimba karibu. Usije ukamwambia mtu yeyote kwamba ni Muasya.

Maswali yako nayajibu kwa sababu hujawahi kuniuliza kazi yangu hivi, na nimefurahi.

Wanaozaliwa kwenye pete ni wa namna nyingi. Walio wakubwa sana huwaka buluu, wanang'aa kuliko wote, na huisha mapema. Lakini wadogo, walio kama jua letu, huishi muda mrefu mno. Pete yenyewe hupita ikienda nje, na pale ilipokwisha kupita panatulia, nyota zilizozaliwa zinabaki na kutafuta njia zao. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Na mpitaji, ndiyo, wakati mwingine hurudi. Kama hakupita kwa kasi ya kutosha, mvuto humchosha, anafika mwisho wa mwendo wake, anasimama, kisha anaanguka tena kule alikotoka. Anaporudi hukuta pete bado changa, naye huvuta upya kila kitu kuelekea katikati. Basi pete huvurugika. Nyota zilizozaliwa pale hutupwa huku na kule, nyingine ndani, nyingine nje kabisa, hatujui zinakoishia. Ndiyo maana pete nzima nzima ni chache sana kuonekana.

Macho yanafumba. Nakupenda. Mwite fundi.

Binti yako,
Kavinya

*

Mbotela
13 Oktoba 2024

Mwanangu Kavinya,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi ni mzima, nimepungua kidogo, ila usiogope, sketi ndizo zilizokuwa kubwa. Fundi alikuja. Akaweka chombo chake chenye kiputo ndani ya maji sakafuni, akasema sakafu imenyooka kuliko ya mkuu wa wilaya. Kisha akasema ana haraka, akatoka bila kumaliza chai.

Unga sasa naupeleka karibu na barabara ya Jogoo. Mwendo ni mrefu, namlipa kijana wa mkokoteni kwa mandazi. Kule wanawake wanashikilia viuno na kucheka bila sababu. Foleni ya kliniki imetoka nje ya geti. Nikipita na karai langu nawaangalia matumbo yao na najua ni lini mwanangu alipita karibu nao. Ningekuwa mtu mwingine ningeona raha.

Nimekuwa najizoeza. Nakaa na mgongo umeelekea mlangoni, mikono kwenye unga, nasema kwa sauti, "Karibu mwanangu, keti." Nasema tena na tena ili siku hiyo mdomo usinitangulie. Khavere alinikuta juzi. Akasimama mlangoni na tumbo lake mbele.

"Mathe, unaongea na nani?"

"Na unga."

"Na imekujibu?"

"Bado."

Akaketi, akaniomba jambo. Mamake alifariki, mama mkwe yuko mbali. Akijifungua anataka mimi nimwangalizie mtoto atakaporudi kwenye cherehani. Nilimkubalia kabla hajamaliza kusema. Kisha akanishika mkono na kuuweka tumboni, na mtoto akanipiga teke moja la nguvu. Nilicheka kama mjinga.

Lakini usiku huo sikupata usingizi. Yale uliyoyaandika kuhusu kurudi sikuyapenda. Umeyaandika haraka haraka kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nakuuliza kwa uzito: akirudi, lazima waliozaliwa watawanyike? Hakuna namna ya kurudi polepole? Wewe ndiye umesoma.

Mamako

*

Sutherland
20 Oktoba 2024

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hofu. Nisamehe kwa kukuelezea yale yote. Nyota si watoto. Kinachotokea huko juu hakitokei Mbotela. Khavere ana mimba kwa sababu Khavere na Dishon ni mke na mume. Hakuna atakayetawanyika.

Nakuomba uende ukakae kwa Shangazi kule Komarock hadi nitakapopata likizo. Acha kujizoeza, Mama. Muasya amekufa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, nami limeniumiza kuliandika.

Binti yako

*

Mbotela
8 Desemba 2024

Kavinya,

Salamu. Sijakasirika, nilikuwa na kazi. Khavere amejifungua salama msichana, wanamwita Eve. Ana nywele nyingi, analia kama king'ora. Wengine wa mstari wetu wamejifungua wiki hii hii, hakulaliki Mbotela, na hakuna anayelalamika. Komarock siendi.

Hukunijibu swali langu.

Mamako

*

Sutherland
19 Januari 2025

Mama,

U mzima? Tafadhali nijibu upesi ukipata hii.

Jana mchana nilikuwa nimelala. Tunalala na mapazia meusi, jengo lote huwa kimya, watu huvua viatu wakipita. Nikaamshwa na mtu mlangoni. Alisema hodi.

Mama, hapa mimi peke yangu najua Kiswahili. Wenzangu hugonga na kuita jina. Nililala nikiutazama ule mlango. Akasema hodi tena, na ule mkwaruzo, kama vile amekunywa maji ya baridi. Nilitaka kujibu. Nilifungua mdomo na sikuweza, nilikuwa naogopa mno, nikavuta blanketi mpaka kichwani kama mtoto. Akasema mara ya tatu. Kisha akanyamaza, kama mgeni mwenye adabu asiyejibiwa, na nikasikia viatu vikienda. Nilipopata nguvu ya kufungua, ukumbi mzima ulikuwa mtupu, na milango yote miwili ya nje imefungwa kwa ndani.

Nilikaa sakafuni nikalia. Nilikuambia amekufa, naye alikuwa njiani anakuja kwangu.

Nimekwenda kutazama picha za pete yangu. Nimeziangalia mpaka mwenzangu akaniondoa kwenye kiti. Nilikuwa namtafuta mpitaji mbali, nje, kwenye njia ya kwenda. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda ameshafika mwisho na kugeuka. Viatu nilivyovisikia vilielekea kaskazini, Mama. Anarudi kwako.

Akifika, mjibu. Mwambie karibu, mwambie keti, mkamate mkono. Usijali yale niliyoandika kuhusu pete, ni hesabu tu, na hesabu zangu zimekosea mambo mengi. Ni kaka yangu. Nilimwogopa kaka yangu. Tafadhali mjibu kwa niaba yetu sote wawili.

Kavinya

*

Sutherland
2 Februari 2025

Mama, mbona kimya? Simu inaita tu. Shangazi anasema amekuona kanisani na hukumsemesha. Nimekata tiketi ya tarehe ishirini na mbili. Kama yuko hapo, niambie. Kama amekuja na umemjibu, niambie hata neno moja.

Bintiyo

*

Mbotela
9 Februari 2025

Mwanangu Kavinya,

Natumai u mzima na kwamba unalala. Mimi nipo. Barua zako zote nilizipata. Ile ya Januari niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo, na usijilaumu kwa kuogopa. Hata mimi ningeogopa, kama nisingekuwa nimemzaa.

Alikuja jana alasiri.

Khavere alikwenda Gikomba kutafuta vitambaa, akaniachia Eve. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka kando ya ukuta, mtoto mapajani, analia kwa njaa ya uongo kwa sababu alikuwa ameshanyonya. Nyumba zote za jirani zilikuwa na vilio vyao, ndivyo kulivyo siku hizi. Mlango wa mbele niliuacha wazi kama ninavyouacha kila siku. Wa nyuma ulikuwa umerudishwa.

Stuli ndiyo iliyonijulisha. Ilikwaruza saruji, ikatoka ukutani kuja katikati. Kisha viti, kimoja kimoja. Nzi waliokuwa dirishani wakaingia wote wakatua pale katikati sakafuni. Jikoni, pazia likiwa limefungwa pembeni, kulikuwa na karai la unga nililokuwa sijalipeleka, na kutoka nilipoketi nikauona unainuka, unainua kitambaa, katika nyumba ambayo haujainuka tangu mwaka jana.

Hodi ilitoka uani. Nilikuwa nimemngoja mbele siku zote, naye akarudi kwa njia aliyotokea.

Eve alinyamaza. Hakunyamaza kama mtoto anayebembelezwa. Alikata katikati ya kilio, mdomo ukabaki wazi, akageuza kichwa kutazama mlango wa nyuma. Hana shingo ya kufanya hivyo bado. Pembe ya blanketi lake ikaanza kwenda upande ule, taratibu, kama mtu anaivuta kwa vidole viwili.

Akasema, "Hodi, Mama."

Nilikuwa na lile neno, Kavinya. Lilikuwa hapa mdomoni, nilikuwa nimelizoeza mwaka mzima. Lakini nikasikia kimya kikija. Kilianzia mbali, upande wa barabara ya Jogoo, vilio vikikatika nyumba baada ya nyumba, mstari baada ya mstari, vikija kwetu. Mwisho akakatika yule wa mlango wa bluu. Mbotela nzima ikawa haina sauti ya mtoto hata mmoja. Nikamshika Eve mkono, ulikuwa baridi kama maji ya mtungi. Nikaweka kiganja kifuani pake. Kifua hakikuwa kinapanda.

Akasema mara ya tatu. "Mama, ni mimi. Nimechoka. Hodi."

Ukiniuliza moyo wangu ulimtaka nani, ulimtaka yeye. Sitakudanganya wewe. Ningekuwa na cha kwangu cha kutoa, ningekitoa hapo hapo, macho, miguu, chochote. Lakini Eve si wangu. Wale wote si wangu. Nilivuta kitambaa cha kichwa nikakijaza mdomoni, nikauma, nikamkumbatia yule mtoto, nikanyamaza.

Alingoja. Nilimsikia akipumua nyuma ya mbao za mlango, hatua chache tu kutoka nilipoketi. Alinipa muda mrefu kuliko mgeni yeyote anavyompa mtu. Kisha akasema, "Haya, Mama," bila hasira, kama alivyokuwa akisema nilipomwambia chakula hakijaiva. Viatu vikaondoka. Nimesikiliza mpaka leo na sijavisikia tena.

Eve alivuta pumzi moja kubwa akalia. Akafuata wa mlango wa bluu, kisha mstari wa nyuma, na vilio vikaenda hivyo hivyo hadi barabarani. Sijawahi kusikia kelele nzuri kama hiyo, wala sijawahi kulia nilivyolia.

Najua uliniomba nimjibu kwa niaba yenu wawili. Ukitaka kunilaumu, nilaumu, una haki, wewe ni dada yake. Njoo tarehe ishirini na mbili unilaumu hapa hapa, nitakupikia muthokoi, kisha tulie pamoja. Unga nimeuacha uumuke kwangu, na mandazi ya leo yametoka sawa.

Jambo moja la mwisho. Tangu nihamie hapa majirani wote wananiita Mama Muasya. Alipopotea wengine walianza kunikwepa, wakaona aibu kulitaja jina hilo, wakajaribu jina lako badala yake. Niliwakatalia. Mtu akiniita kwa jina lako nilikuwa napita kama sijasikia, na Khavere akachagua kuniita Mathe, yaani mama tu, ili asikosee. Jana aliporudi na vitambaa vyake alinikuta nimelowa uso, mtoto wake kifuani, viti vyote vimejaa katikati ya sebule. Hakuuliza. Alisimama pale mlangoni, akaniita polepole, kama mtu anayejaribu mlango usiojulikana kama umefungwa, "Mama Kavinya?"

Nikaitika.

Ni mimi,
Mama Kavinya